Karafuu Iliyo Ghalani Bado Si Fedha

Imekuwa ada katika miaka ya karibuni kwa mashirika na makampuni yenye hisa za Serikali kukabidhi gawio mbele ya hadhara, hundi ikiwa imeandikwa juu ya ubao mpana ili hata aliyekaa nyuma aweze kuisoma. Sisi hatuna neno na sherehe hizo. Fedha zinazorejea Hazina ndizo zinunuazo dawa na kulipa walimu wa skuli zetu. Lakini kabla ya makofi kuna swali ambalo msomaji wa Unguja na Pemba, na vilevile ofisa aliyeketi safu ya mbele, ana haki ya kuliuliza: faida iliyozaa gawio hilo ilipimwaje? Kwani faida si kitu cha kuwekwa juu ya mizani kikasomwa kama gunia la mchele. Sehemu yake si ndogo hutokana na makisio: deni lipi litalipwa, mzigo upi utauzwa na kwa bei gani, mashine itadumu miaka mingapi. Mwenye kukisia aweza kujitanua, na aweza kujizuia.

Wahasibu wa zamani walikuwa na kanuni yao juu ya jambo hili, nayo ni kwamba hasara iandikwe mara inapoonekana kwa mbali, bali faida ingojewe mpaka ithibitike. Huko ndiko kunakoitwa kuwa na hadhari katika hesabu. Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Shirika limenunua tani 1,000 za karafuu kavu kwa shilingi 14,000 kila kilo. Shilingi bilioni 14 zimetoka, na magunia yamo ghalani yakingoja meli. Ikiwa kabla ya kufungwa mwaka wa hesabu bei ya nje imepanda, hata kilo moja ikawa yaweza kuleta shilingi 18,000 baada ya kutolewa gharama za kuuzia, daftari halibadiliki: mzigo unabaki na thamani ya bilioni 14, na zile bilioni 4 hazitajwi kuwa ni faida mpaka apatikane mnunuzi. Lakini bei ikianguka hadi shilingi 11,000, mzigo huo huo hauna budi kushushwa hadi bilioni 11, na hasara ya bilioni 3 iandikwe mwaka ule ule, ijapokuwa hata gunia moja halijauzwa. Takwimu hizi ni za mfano tu. Kanuni yenyewe ndiyo iliyomo katika kiwango cha kimataifa kinachohusu bidhaa zilizo ghalani.

Mtu aweza kusema kwamba huko ni kupendelea upande mmoja. Naam, ni kupendelea, na kwa makusudi. Visiwa hivi havina haja ya kuelezwa na mgeni kwa nini. Kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku katika sigara ziitwazo kretek. Kisha Waindonesia wakapanda mikarafuu yao wenyewe kwa wingi, na bei iliyokuwa juu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaporomoka kabla muongo huo haujaisha. Ambaye angeihesabu karafuu iliyo ghalani kwa bei ya mwaka wa neema, akagawa faida, angekuwa amegawa kitu ambacho hakikuwapo.

Sasa, ikiwa kanuni inajulikana hivyo, kwa nini kampuni moja huishika na nyingine ikaipuuza? Wengi wetu hudhani kwamba jibu limo katika tabia ya mhasibu: huyu mwaminifu, yule mjanja. Sisi hatukubaliani na rai hiyo, au tuseme twaona haitoshi. Wataalamu waliolichunguza jambo hili wanatuelekeza kwingine. Mwaka 1997 Sudipta Basu alichapisha uchunguzi wake juu ya makampuni ya Marekani, akaonyesha kwamba habari mbaya huingia katika faida ya mwaka kwa nguvu inayozidi ile ya habari njema kiasi cha mara mbili hadi sita. Mwaka 2003 mwenzake, Ross Watts, alieleza ni nani wanaoisukuma hadhari hiyo, akataja mikataba, mashtaka, kodi, na amri za wasimamizi. Kwa maneno mengine, hadhari huletwa na mtu aliye nje ya ofisi ya mhasibu, mwenye sababu ya kuidai.

Wa kwanza kati ya hao ni mkopeshaji. Benki iliyokopesha haipati senti zaidi kampuni inapotajirika maradufu, ila hupoteza mtaji wake kampuni inapoanguka. Kwa hiyo macho yake yako kwenye habari mbaya tu. Ndiyo maana mikataba ya mikopo huwekewa masharti, kwa mfano kwamba mtaji wa kampuni usishuke chini ya kiwango fulani au kwamba gawio lisilipwe mpaka deni la mwaka limelipwa. Kampuni yenye wakopeshaji wasomao hesabu kwa makini hujifunza kusema ukweli mapema. Lakini pia yafaa ikumbukwe kwamba kampuni iliyofika ukingoni mwa sharti hilo, ikabakiwa na hatua moja tu kulivunja, ndiyo yenye kishawishi kikubwa cha kuificha hasara.

Wa pili ni mahakama. Huko Marekani mwenye hisa aliyedanganywa kwa hesabu zilizotunishwa hushitaki, wala hashitaki peke yake, bali pamoja na maelfu ya wenziwe. Hakuna ashitakiye kwa sababu aliambiwa faida ni ndogo kuliko ilivyo. Hata hivyo khofu ya mahakama pekee haikuizuia kampuni ya Enron ya Houston. Mwaka 1992 iliruhusiwa kuhesabu mikataba yake ya gesi kwa thamani ya makisio ya siku hiyo, si kwa fedha zilizopokelewa. Mwezi Julai 2000 ikatangaza mkataba wa miaka 20 na kampuni ya Blockbuster wa kupeleka sinema majumbani kwa waya, ikaandika faida iliyozidi dola milioni 110 kutokana na biashara ambayo ilikuwa haijavuka hatua ya majaribio. Mwezi Machi 2001 mkataba ulivunjika. Tarehe 2 Desemba mwaka huo Enron ilifilisika, na wafanyakazi waliokuwa wameweka akiba zao za uzeeni katika hisa zake wakabaki mikono mitupu. Mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria kali inayowataka wakuu wa makampuni kuzithibitisha hesabu kwa saini zao wenyewe.

Juu ya kodi hatutakawia. Kila kampuni ingependa faida yake ichelewe kuonekana pale ofisa wa kodi anapofungua faili, na Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ndiyo ikusanyayo kodi ya mapato ya makampuni hata huku Visiwani, haikubali deni liitwe bovu kwa khofu tu. Hutaka kuona kwamba hatua za kulidai zimechukuliwa. Si siri kwamba wapo wafanyabiashara wenye madaftari mawili, moja la benki lenye faida ya kumeremeta na moja la kodi lenye majonzi. Huko si kuwa na hadhari, wala hatudhani kwahitaji maelezo zaidi.

Tumefika penye uzito. Kuna dhana iliyoenea katika ofisi zetu kwamba tukishachukua kitabu cha kanuni kilicho bora, mambo yatajinyosha yenyewe. Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya hesabu mwaka 2004, nasi twaliunga mkono jambo hilo. Lakini mwaka 2003 Ray Ball, Ashok Robin na Joanna Shuang Wu walichapisha uchunguzi juu ya Hong Kong, Malaysia, Singapore na Thailand, nchi ambazo kanuni zake zilitokana na zile za Kiingereza na kusifiwa kuwa ni bora. Waliona kwamba hasara hazikuwa zikitajwa upesi kama kanuni hizo zilivyotazamiwa kuleta. Kitabu kilikuwa kimoja, bali waandishi wa hesabu na wakaguzi wao walikuwa na sababu nyingine: makampuni ya kifamilia ambamo habari hupitishwa chumbani, na mkono wa siasa. Kitabu chenyewe nacho hubadilika. Mwaka 2010 bodi ya kimataifa iliyoko London iliifuta hadhari katika misingi yake, kwa hoja kwamba inapingana na kutopendelea upande wowote. Mwaka 2018 ikairudisha, ikiwa imepunguzwa makali.

Basi tuyatazame mashirika yetu ya umma kwa jicho hilo. Mwenye hisa ni Serikali. Mkopo ukichukuliwa, aghalabu mdhamini ni Serikali, kwa hiyo mkopeshaji hana wasiwasi wa kumkosesha usingizi. Mdai wa kodi ni Serikali. Na atakayeshitaki, akidanganywa, ni Serikali hiyo hiyo, ambayo haiwezi kwa urahisi kujipeleka mahakamani. Wale wanne waliotajwa na Watts, ambao kila mmoja angevuta kamba upande wake, kwetu wanakuwa mtu mmoja, na mtu huyo anangojea gawio. Meneja ambaye mwaka uliopita aliambiwa mbele ya watu kuwa gawio lake ni dogo atafanya nini mwaka huu anapokuta ghalani mzigo usiouzika, au katika daftari deni la taasisi nyingine ya umma lisilolipwa kwa miaka mitatu? Kuuandika mzigo huo kwa thamani yake ya kweli ni kujitangazia aibu. Kuuacha kama ulivyo hakumgharimu kitu, mpaka atakapohamishwa na mwingine kuukuta.

Hili si jambo la kubuni. Benki ya Taifa ya Biashara, iliyoundwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, ilikopesha bodi za mazao na vyama vya ushirika mwaka baada ya mwaka, na mikopo mingi haikurudi. Mdeni alikuwa wa umma na mdai alikuwa wa umma. Hakukuwa na aliyefaidika kwa kusema mapema kwamba fedha zile zimekwisha. Mwaka 1991 ilibidi kutungwa sheria mpya ya mabenki na kuundwa chombo maalumu cha kukusanya madeni yaliyooza, na mwaka 1997 benki yenyewe ikagawanywa vipande. Gharama ya ukimya ule ilibebwa na mlipa kodi.

Wala tusidhani kwamba ubinafsi ndiyo dawa. Mwaka 2016 benki ya Chase ya Nairobi, iliyokuwa mali ya watu binafsi, ilitoa hesabu zake za mwaka uliotangulia, kisha baada ya siku chache ikazitoa tena zikiwa zimebadilika, na mikopo ya watu wa ndani ya benki ikionekana kuwa mikubwa kuliko ilivyosemwa awali. Waliokuwa na amana wakakimbilia milangoni, na tarehe 7 Aprili Benki Kuu ya Kenya ikaiweka chini ya usimamizi. Tangu tarehe 1 Januari 2018 viwango vya kimataifa vinazitaka benki kutenga fedha kwa ajili ya hasara zinazotazamiwa, bila ya kungoja mdeni ashindwe. Lakini kutazamia ni kukisia, na tumekwisha kusema mwenye kukisia aweza kufanya nini asipoangaliwa.

Nani basi aangalie? Uchunguzi wa Anwer Ahmed na Scott Duellman wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba bodi zenye wajumbe wengi ambao ni watumishi wa kampuni yenyewe huambatana na hadhari ndogo. Maofisa wanaoteua bodi zetu hawana haja ya kusafiri kulitafakari jambo hilo. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwasilishwa katika Baraza la Wawakilishi, na kamati ya Baraza ina uwezo wa kuwaita watendaji. Huyo ndiye anayeweza kusimama mahali pa mkopeshaji mkali tusiyekuwa naye, ikiwa atauliza habari za madeni ya zamani kwa bidii ile ile anayoulizia gawio.

Hapa pana tahadhari moja, nasi twaitoa kwa ajili ya mkulima. Hadhari ikizidi hugeuka kificho. Shirika linaloshusha thamani ya mzigo wake kupita kiasi, au kuweka akiba za siri chini ya jina la madeni mabovu, litamwambia mchumaji wa Mtambwe na Wete kwamba hali ni ngumu na bei haiwezi kuongezwa, kisha mwaka unaofuata litoe akiba hizo kimyakimya na kujisifu kwa faida. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1970, bei ya nje ilipokuwa juu na fungu la mkulima likawa dogo. Kanuni inataka kungojea faida isiyothibitika. Haikuruhusu kuificha iliyokwisha kuthibitika.

Kwa hiyo twaomba jambo dogo. Gawio linapotangazwa, hesabu ziwe zimekwisha kukaguliwa, na pamoja na tarakimu ya gawio zitajwe nyingine tatu: madeni ambayo umri wake umepita mwaka mmoja, bidhaa zilizo ghalani ambazo hazijapata mnunuzi, na kiasi cha faida ambacho fedha zake zimekwisha kupokelewa. Mkaguzi anazo tarakimu hizo mezani pake. Na nafasi ya kuzichapa katika ukurasa wa gazeti haizidi upana wa vidole viwili.