Ahadi ya Hiari Haikuzuia Ukuta

Mimi ni fundi cherehani. Nikishika shati, huangalia mshono, kisha lebo. Lebo hutaja nchi. Haisemi kama aliyelishona alikuwa salama.

Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza, lenye ghorofa nane, liliporomoka huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Walikufa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake washonaji. Siku moja kabla, nyufa zilionekana. Benki na maduka ya chini yalifungwa, lakini washonaji wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa kurudi kazini.

Baadhi ya kampuni zilizoagiza nguo pale zilikuwa na kanuni nzuri za maadili za hiari, lakini zilibaki kwenye karatasi. Kilicholeta mabadiliko ni mkataba wa Mei 2013 kati ya kampuni na vyama vya wafanyakazi: majengo yakaguliwe na wataalamu huru, matokeo yatangazwe, na kampuni zibanwe kisheria.

Hata hivyo, kampuni ikimkaba mwenye kiwanda kwa bei, naye humkaba mshonaji. Kwa hiyo sisi wanunuzi tuziulize kampuni: nguo hizi zimeshonwa kiwanda gani, na nani amekikagua?