Nafasi ya Opereta katika Kukokotoa Thamani Tarajiwa ya Momenta

Max Born alieleza mwaka 1926 kuwa |ψ|², mraba wa ukubwa wa funksheni ya wimbi, ni msongamano wa uyamkini. Kwa msingi huo, wastani wa mahali ilipo chembe hupatikana kwa urahisi: x huzidishwa kwa |ψ|², kisha intigrali huchukuliwa. Momenta haikubali njia hiyo. Kinachoiwakilisha si namba bali opereta, −iħ d/dx, ambayo sharti itende juu ya ψ peke yake kabla ya matokeo kuzidishwa kwa ψ*, yaani ψ ambayo kila i yake imegeuzwa kuwa −i:

⟨p⟩ = ∫ ψ* (−iħ dψ/dx) dx

Mwanafunzi anayetanguliza kuzidisha, akapata |ψ|², ndipo akatafuta drivativu yake, hupata sifuri daima, kwa kuwa |ψ|² hutoweka kwenye mipaka yote miwili. Ubaya ni kwamba mfano mashuhuri wa vitabuni humfichia kosa hilo. Elektroni iliyofungiwa katika kisanduku chenye upana L na kuta zisizopenyeka ina ψ = √(2/L) sin(nπx/L). Funksheni hiyo ni halisi, na njia sahihi huishia kwenye intigrali ya sin × cos, ambayo nayo ni sifuri. Jibu ni sahihi. Hoja ni potofu.

Wala sifuri hiyo haimaanishi kuwa elektroni imetulia. Opereta ikitenda mara mbili, ⟨p²⟩ = (nπħ/L)². Kwa L ya nanomita 1 na n = 1, kipeuo chake cha pili ni takriban 3.3 × 10⁻²⁵ kg m/s, sawa na kasi ya kilomita 360 hivi kwa sekunde. Mwelekeo wa kulia na wa kushoto hufutana tu.

Kosa hufichuka pale ψ hiyohiyo inapozidishwa kwa e^(ikx), k ikiwa namba halisi. |ψ|² haibadiliki hata kidogo, na masharti ya kuta bado yanatimizwa, ingawa hali hiyo haina tena nishati moja bainifu. Ikiandikwa ψ = R e^(ikx), R ikiwa halisi, basi ψ* dψ/dx = R R′ + ikR². Intigrali ya kipande cha kwanza ni sifuri. Ya kipande cha pili ni ik, kwa sababu jumla ya uyamkini ni 1. Ikizidishwa kwa −iħ, hubaki ⟨p⟩ = ħk. Aliyekosea mpangilio bado ana sifuri mkononi, kwani habari ya mwendo ilikuwa katika fezi, nayo aliifuta alipounda |ψ|².