Injini ya Mashine ya Kusaga Ikipoteza Mwendo

Mashine ya kusaga ikisimama, kijiji kizima hujua siku hiyo hiyo. Mama aliyebeba debe la mahindi kichwani hurudi nalo nyumbani, au huendelea nalo hadi kijiji cha pili. Umeme umefika vijiji vingi, lakini injini za dizeli bado zinasaga katika sehemu ambako nguzo hazijafika au umeme hukatika ovyo. Leo tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja wa injini hizo, nao ni mwendo usiotulia.

Ugonjwa huu una sura tatu. Ya kwanza, injini inaunguruma vizuri ikiwa tupu, lakini mahindi yakiingia inalegea na kutaka kuzimika. Ya pili, mwendo unapanda na kushuka wenyewe, kama mtu anayehema. Ya tatu, injini inakimbia kupita kiasi na haisikii mkono wa mafuta. Hii ya tatu inaweza kuua mtu.

Wengi wetu tukiona mwendo umepungua tunakimbilia mkono wa mafuta, yaani kile chuma cha kuongezea resi. Tunausukuma hadi mwisho. Ukirudi, tunaufunga kwa mpira wa baiskeli. Ngoja kwanza, tuone mkono ule unafanya kazi gani.

Watu hudhani mkono wa mafuta ni kama bomba la maji, kwamba ukifungua zaidi, mafuta yanaingia zaidi. Sivyo. Ndani ya injini kuna kifaa kinachoitwa gavana. (Si yule wa Benki Kuu, ingawa huyu naye anazuia matumizi.) Gavana ana vyuma vizito vinavyozunguka pamoja na injini. Injini ikienda kasi, vyuma hivyo hutanuka kwenda nje, kama jiwe lililofungwa kwenye kamba unayoizungusha, na mafuta hupunguzwa. Injini ikipunguza mwendo, vyuma hurudi ndani, springi huvuta, na mafuta huongezwa. Kazi ya mkono wa mafuta ni kukaza au kulegeza springi hiyo. Wewe unaagiza mwendo unaoutaka, na gavana ndiye anayepima mafuta ili mwendo huo udumu. Mahindi yakiingia, yeye huongeza mafuta hata kama hujagusa kitu.

Basi, ikiwa gavana anataka kuongeza mafuta na mafuta hayafiki kwenye pampu, hata ukiuvunja mkono ule hupati kitu. Kwa hiyo anza kwa kufuata njia ya mafuta, tangu tangi hadi pampu.

Tangi linahitaji tundu dogo la kupumulia. Mara nyingi tundu hilo liko kwenye kifuniko. Unga na vumbi vikiliziba, hewa haiingii kuchukua nafasi ya mafuta yanayotoka, na mafuta hushindwa kutiririka. Injini itasaga kwa muda, kisha italegea. Ukiipumzisha itawaka tena, halafu italegea tena. Jaribu kulegeza kifuniko uendelee kusaga. Mwendo ukitengemaa, umeupata ugonjwa. Katika kijiji kimoja nilikuta kikundi cha akina mama kimenunua pampu mpya kwa akiba ya miezi mingi, na mashine bado inalegea. Fundi aliyewauzia hakuwa amegusa kifuniko cha tangi hata mara moja. Tundu lilizibuliwa kwa kijiti cha ufagio wa chelewa.

Kama tangi ni zima, zima injini uende kwenye chujio. Funga koki ya tangi, fungua mrija pale unapoingia kwenye pampu, weka kopo chini yake, kisha fungua koki. Mafuta yanapaswa kutiririka mfululizo. Yakitoka matone matone, ama chujio limeziba ama mrija umekunjika. Chujio la karatasi halioshwi. Hubadilishwa. Andika tarehe ya kubadilisha kwenye daftari la mashine, maana ukiitegemea kumbukumbu utasema ilikuwa juzi, kumbe ni mwaka jana.

Mafuta yakitoka na mapovu, basi upepo umeingia. Rudisha mrija mahali pake. Legeza skrubu ya kutolea upepo, iliyo kwenye chujio au kwenye pampu, acha mafuta yatoke hadi mapovu yaishe, kisha kaza huku mafuta bado yanatoka. Baadaye tafuta upepo ulipoingilia. Aghalabu ni nati iliyolegea kwa mtikisiko. Lakini usiweke kidole wala kiganja mbele ya nozeli, wala kwenye mrija mgumu unaotoka pampu kwenda nozeli. Mafuta hapo yanasukumwa kwa nguvu inayozidi upepo wa tairi la lori zaidi ya mara kumi. Hutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini mtu apelekwe hospitali mara moja, asingoje kesho.

Maji nayo ni adui. Chota dizeli kidogo kutoka chini ya tangi, tia katika chupa nyeupe, uiache itulie. Kama kuna maji, yatakaa chini na dizeli itaelea juu. Ndiyo maana dizeli ya dumu iachwe itulie usiku kucha, imiminwe taratibu kupitia kitambaa safi, na ile ya chini kabisa isitumike.

Moshi pia husema. Ukiwa mweusi wakati injini inalegea, mafuta yanafika lakini hewa ni haba, au mahindi yameshindiliwa mengi mno, au nozeli ni mbovu. Punguza mahindi kwanza, kisha tazama chujio la hewa. Katika chumba cha unga chujio hilo huziba upesi. Kama ni lile lenye oili chini yake, osha, tia oili mpya hadi kwenye alama, usizidishe. Moshi mweupe huku injini inarukaruka mara nyingi ni maji au mafuta yasiyoungua. Moshi wa rangi ya bluu ni oili ya injini inayoungua, na hapo mwite fundi.

Mwendo ukipanda na kushuka, na umekwisha toa upepo, tazama vyuma vya nje vinavyounganisha mkono wa mafuta na pampu. Unga ukichanganyika na oili hugeuka gundi. Safisha, tia oili kidogo, uone kama vinacheza bila kukwama. Mkono unaorudi wenyewe, kaza nati yake. Mpira wa baiskeli si dawa, kwa sababu siku ya hatari utakuchelewesha kuzima.

Kuna wengine wanaotafuta mwendo zaidi kwa kukaza springi, au kukata waya wenye risasi unaofunga skrubu ya mwisho wa mwendo. Jambo hili nalikataza kabisa. Kila injini ina mwendo wake. Lister ya zamani ya Uingereza, yenye nguvu za farasi 6, huzunguka mara 650 kwa dakika. Injini ya Kichina ya S195, yenye nguvu za farasi 12, huzunguka mara 2,000. Ukiongeza mwendo wa kinu mara mbili, nguvu inayovuta nyundo zake kutoka nje huwa mara nne. Nyundo ikikatika hutoboa bati na kumfikia aliyepanga foleni.

Sasa ile ya tatu. Injini ikikimbia na haisikii, rudisha mkono hadi mahali pa kuzimia. Ikikataa, ziba mdomo wa kuingizia hewa kwa ubao, au kwa gunia nene lililokunjwa vizuri na kushikwa imara. Usizibe kwa mkono. Kufunga koki ya tangi peke yake hakutoshi haraka, kwa kuwa mafuta mengine yamo kwenye chujio. Usiutoe mkanda, maana injini ikipoteza mzigo itakimbia zaidi. Waondoe watu upande wa gurudumu na mkanda. Kama huwezi kuufikia mdomo wa hewa bila kupita mbele ya gurudumu, toka nje na wenzako.

Ikishazimika, usiiwashe tena kujaribu. Pima oili ya injini na ile ya chujio la hewa. Ikiwa imezidi alama, huenda injini ilikuwa inakunywa oili hiyo badala ya dizeli. Ikiwa ni sawa, basi pampu au gavana amekwama, na fundi aifungue kabla debe jingine halijamiminwa.