Nyama Yako Iive Kiasi Gani? Mama na Mtoto Kwenye Meza ya Hoteli Kubwa

Ni mimi muuguzi wako wa afya ya jamii. Leo tutatoka kidogo zahanati, twende tukakae kwenye meza ya hoteli ya kitalii, zile za ufuoni ambako nyama huchomwa mbele ya macho yako na kisu huletwa kikiwa na meno kama msumeno.

Najua kuna mama anayesema, "Sista, mimi na hoteli kubwa wapi na wapi?" Ngoja kwanza. Siku hizi kuna harusi zinazofanywa huko, kuna semina za chama, na kuna mtoto aliyepata kazi akataka kumshukuru mamake. Na hata kama hutaingia huko, haya ya leo yatakufaa penye nyama choma, penye sherehe na jikoni mwako mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa Desemba, kaka yangu alitualika sote hoteli moja huko Diani. Tulikuwa watu saba: kaka, mkewe, mama yetu, mimi na wengine, pamoja na mtoto wa dada yangu wa miaka 3. Wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Tulivaa nguo za Idd, tukakaa wima kama wageni wa heshima.

Weita akaja na kitabu chake. Tukaagiza steki. Kisha akauliza swali ambalo lilitunyamazisha sote: "Mngependa ipikwe vipi? Rea, midiamu au weldani?"

Tulitazamana. Hakuna aliyetaka kuonekana mshamba. Wifi akachagua neno la katikati, midiamu, kwa kuwa jambo la katikati huonekana la busara. Nyama ilipofika na kukatwa, ndani ilikuwa ya rangi ya waridi, na maji mekundu yakatiririka kwenye sahani. Wifi akaniinamia akanong'ona, "Wifi, hii haijaiva. Lakini nitaona haya kuirudisha. Acha nile tu."

Mpenzi msikilizaji, hapo ndipo penye somo letu la leo. Lile swali la weita si la adabu za kizungu. Ni swali la afya. Na mama ana haki ya kulijibu anavyotaka yeye, bila kuona haya.

Tuanze na yale maneno matatu. Rea ni nyama iliyoungua nje tu. Ndani bado ni nyekundu na vuguvugu, kama nyuzi joto 52 za Selsiasi hivi. Midiamu ni ile iliyofika kama nyuzi 60. Katikati ni ya waridi. Weldani ni nyama iliyoiva hadi ndani, nyuzi 70 na zaidi, wala huoni wekundu. Shirika la Afya Duniani linatushauri kwamba chakula kiive hadi nyuzi 70 ndani, kwa sababu katika joto hilo karibu vijidudu vyote vinavyoleta maradhi hufa.

Na yale maji mekundu si damu, kama wengi tunavyodhani. Sehemu kubwa ya damu humwagika machinjioni. Yale ni maji ya nyama yenyewe, yaliyochanganyika na kile kitu kinachoipa nyama rangi yake. Kwa hivyo tusiogope kwa sababu ya damu. Tuogope kwa sababu ya vijidudu ambavyo havionekani kwa macho.

Sasa utauliza: mbona watalii wanakula nyama hiyo ya waridi na hawaugui? Swali zuri. Kipande kizima cha nyama ya ng'ombe huwa na bakteria wengi upande wa nje, ambako kimeguswa na visu, mikono na meza. Moto mkali ukiunguza nje pande zote, wengi wa bakteria hao hufa. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya njema anaweza kula steki ya aina hiyo mara nyingi asipate neno. Hata hivyo, ndani ya nyama mnaweza kuwa na viluwiluwi vya mnyoo tegu, vilivyojificha kama vifuko vidogo vyeupe. Hiyo ni sababu moja ya nyama kukaguliwa na kupigwa muhuri kabla ya kuuzwa. Nyama isiyo na muhuri usiinunue hata kama bei yake ni ya kuvutia.

Lakini kuna watu ambao mwili wao hauna nguvu ya kupigana na vijidudu hivyo. Nao ni mama mjamzito, mtoto mdogo hasa wa chini ya miaka 5, mzee, na mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua kwa maradhi. Hawa wote nyama yao iwe weldani.

Mama mjamzito ana sababu ya ziada. Katika nyama isiyoiva mnaweza kuwa na kijidudu kiitwacho toksoplasma. Mama mwenyewe huenda asihisi lolote, au ahisi kama mafua tu. Lakini kikimwingia kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, chaweza kupita hadi kwa mtoto tumboni, kikaharibu macho au ubongo wake, au mimba ikatoka. Siwezi kusema kwamba ile steki ya wifi yangu ilikuwa na kijidudu hicho. Nyama nyingi haina. Lakini huwezi kujua kwa kuangalia, na dawa ya jambo hili ni rahisi sana: irudishwe motoni dakika chache.

Basi nikamwita yule weita, nikamwambia kwa upole, "Samahani kijana, huyu mama ni mjamzito. Tafadhali nyama yake iive kabisa." Yule kijana akatabasamu, akasema, "Hakuna neno, mama," akachukua sahani. Ikarudi imeiva, kwenye sahani safi. Hakuna aliyetucheka. Kumbe haya ilikuwa yetu wenyewe, si ya hoteli.

Sasa tuje kwa watoto. Mara nyingi mtoto hoteli humwagiziwa baga. Twadhani ni chakula laini, hakina shida. Sikiliza kwa makini hapa. Nyama ya kusaga ni hatari zaidi kuliko steki ikiwa haijaiva. Kwa nini? Wale bakteria waliokuwa nje, mashine ikishasaga, huchanganyika na kuingia hadi katikati. Kuunguza nje peke yake hakusaidii tena.

Mwaka 1993 nchini Marekani, baga ambazo hazikuiva vizuri zilifanya watu zaidi ya 700 waugue, na watoto 4 wakafariki. Bakteria aliyewadhuru ni aina moja ya E. koli. Huyu huanza na maumivu ya tumbo na kuhara, kisha kuhara damu, na kwa baadhi ya watoto hushambulia figo. Kwa hivyo baga, kababu na nyama yoyote ya kusaga iwe imeiva hadi katikati. Ikate mbele ya mtoto na uangalie. Ikiwa ina wekundu, irudishe. Nyumbani pia, donge la nyama ya kusaga liwe dogo na bapa ili moto ufike ndani.

Na mtoto akihara damu baada ya kula, usimpe dawa ya kufunga tumbo ya kununua dukani. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo na umkimbize kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiona anakojoa kidogo sana, amepauka au amelegea, hiyo ni dharura.

Turudi mezani. Mtoto wa dada yangu alipewa kipande na mjomba wake, kikubwa kama kidole gumba cha mtu mzima. Akatafuna mara mbili, akakimeza. Akaanza kukohoa, macho yakamtoka. Mama yetu akasimama, "Mtieni kidole! Mpeni maji!" Mimi nikasema, "Mama, tulia, anakohoa vizuri." Nikamwinamisha mbele kidogo, nikamwambia kohoa, kohoa baba. Akakohoa mpaka kipande kikatoka mezani. Sote tukashusha pumzi.

Mtoto anayekohoa kwa nguvu ana hewa. Mwache akohoe, kikohozi chake ni bora kuliko kidole chako. Kidole chaweza kusukuma nyama ndani zaidi, na maji hayasaidii. Lakini akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, fanya hivi huku mwenzako akiita msaada:

Mtoto wa zaidi ya mwaka 1, mwinamishe mbele, umpige mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kiganja. Kama kipande hakijatoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, ishike kwa mkono wa pili, uvute kwa ndani na juu mara 5. Rudia hivyo hivyo kwa zamu.

Mtoto wa chini ya mwaka 1, usimfinye tumbo kamwe. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara 5. Kisha mgeuze chali, umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Rudia. Naye mama mjamzito akikabwa, baada ya kupigwa mgongoni hubanwa kifuani, si tumboni.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba. Nyama ya mtoto mdogo ikatwe vipande vidogo sana au ichambuliwe nyuzi nyuzi kukata ulalo wa nyama, mafuta magumu na mishipa vitolewe. Aketi, asikimbie huku akila. Wa miezi sita hadi mwaka mmoja apewe iliyosagwa au kupondwa, na iwe imeiva.

Kuna mambo mengine madogo ya kuangalia mezani. Steki nyingine huletwa juu ya sahani ya chuma iliyotoka motoni, bado inachemka. Iwekwe mbali na mikono ya mtoto, pamoja na kile kisu. Akiungua, mwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai.

Sosi pia uliza imetengenezwa na nini. Sosi za steki mara nyingine hutiwa mvinyo au brandi, na pombe haiishi yote kwenye moto. Haimfai mtoto, haimfai mjamzito, na wengine wetu hatuitumii kabisa kwa dini yetu. Sema tu, "Nyama bila sosi, tafadhali." Kama nyama imepakwa asali, asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1.

Na usiagize steki nzima kwa kila mtoto. Gramu 300 zilizoandikwa kwenye menyu ni uzito wa nyama mbichi. Ikiiva hupungua kama robo, lakini bado ni nyingi mno kwa mtoto wa miaka 3, anayetosheka na kipande cha ukubwa wa kiganja chake. Omba sahani ya ziada mgawane. Hilo nalo si aibu.

Nisikutie hofu ya nyama, mama. Nyama nyekundu ni chakula kizuri. Ina madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi, nayo hujenga damu ya mjamzito na ya mtoto anayekua. Na kuiva kabisa hakuondoi madini hayo. Kula na chungwa ulilomenya mwenyewe, kwani vitamini C hata husaidia mwili kupokea chuma kilichomo kwenye mboga na maharagwe. Chai ingoje kama saa moja hivi, maana chai huzuia chuma. Na ikiwa umepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, endelea navyo. Steki moja ya Diani haichukui nafasi yake.

Kabla hatujaagana, kumbuka haya manne. Mjamzito, mtoto na mzee: weldani. Nyama ya kusaga: iive hadi katikati, kwa kila mtu. Kipande cha mtoto: kidogo, laini, akiwa ameketi. Na la nne, uliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Wifi yangu aliimaliza sahani yake yote siku ile. Tulipokuwa tukitoka, aliniambia, "Wifi, kumbe ni kusema tu." Nami nakwambia wewe unayenisikiliza: ni kusema tu. Weita akikuuliza, au mchoma nyama wa pale stendi akikukatia kabla haijaiva, sema, "Irudishe kidogo, nina mtoto."

Mimi ni muuguzi wako. Tukutane tena kipindi kijacho, Mungu akitujalia. Kwaheri.