Utoro wa Rejareja na Kipindi cha Kwanza

Katika shule za Tanzania neno utoro hubeba maana mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Upo utoro sugu, yaani hali ya mwanafunzi kutoonekana shuleni kwa wiki au miezi, na upo utoro wa rejareja, ambao ni ule wa kukosa siku moja leo na nyingine wiki ijayo, jina likiwa bado limo daftarini na mtu yeyote asishtuke. Utoro sugu hufuatiliwa na mtendaji wa kijiji, mzazi akaitwa na kuulizwa. Wa rejareja hupita kimyakimya, na katika wilaya ya Muheza, ambako kaya nyingi huishi kwa kufuata msimu wa machungwa, siku ya gulio na mvua za masika, huo ndio unaostahili kuogopwa zaidi.

Hesabu yake haina ugumu. Mwaka wa masomo una siku 194, na mtoto anayebakizwa nyumbani kila siku ya gulio ili alee mdogo wake au asaidie kubeba matenga hupoteza takriban siku 39 kwa mwaka. Katika miaka 6 ya elimu ya msingi iliyowekwa na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, siku hizo hufika 234, ambazo ni zaidi ya mwaka mzima wa masomo, ilhali machoni pa majirani mtoto huyo anasoma kama wenzake. Mahudhurio yake ni kama asilimia 80, alama ambayo katika mtihani ingemfurahisha mzazi yeyote, na hapo ndipo tarakimu hiyo inapodanganya.

Madhara hayo huwa makubwa zaidi katika darasa la kwanza na la pili, ambako kazi kuu ni KKK, kifupi cha kusoma, kuandika na kuhesabu. Kusoma kwa Kiswahili hufundishwa kwa silabi, yaani vipande vya neno vinavyotamkwa kwa pigo moja la sauti: mwalimu huanza na irabu, akaja kwenye ba, be, bi, bo, bu, kisha akapanda hadi kwenye silabi nzito kama mba, ng'o na nywe. Mtoto aliyekuwa shambani akiokota machungwa siku mbili ambazo wenzake walikuwa wakifundishwa nywe na ngwe hurudi akakuta darasa limeshafika kwenye sentensi, na kila anapokutana na neno kama nywele au ufungwe husita, akamtazama jirani, akaitikia kwa kufuata sauti za wengine. Mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake hawezi kuitambua kwa urahisi sauti moja inayofuata nyuma ya nyingine, kwa hiyo pengo hilo huenda lisionekane mpaka upimaji wa darasa la nne.

Kuchelewa ni ndugu wa utoro, ila hujificha zaidi, kwa sababu daftari la mahudhurio kwa kawaida humwonyesha aliyekuwepo na asiyekuwepo bila kuonyesha saa aliyofika. Pale ambapo vipindi huanza saa 2:00 asubuhi, mtoto wa darasa la kwanza anayefika saa 2:30 amekosa kipindi kizima, maana kipindi cha madarasa hayo ni dakika 30. Akifanya hivyo mwaka mzima, amepoteza saa 97 huku daftari likisema hakukosa hata siku moja. Wanafunzi wenyewe wana msemo wa kuwahi namba, yaani kufika kabla viranja hawajamaliza kuhesabu watu asubuhi, na asiyewahi hujua kinachomngoja: fimbo, au ufagio na uwanja wa kufagia wakati wenzake wamo darasani. Adhabu ya namna hii humwongezea mchelewaji dakika alizokwisha kuzipoteza, na mbaya zaidi humfundisha kukokotoa, kwa kuwa anayeisikia kengele akiwa bado njiani huona heri ajifiche michungwani hadi saa ya kutoka kuliko kwenda kuchapwa. Basi kuchelewa kwa robo saa kunazaa utoro wa siku nzima, na shule yenyewe imekuwa mkunga.

Si kila anayekosa amependa kukosa. Katika tarafa ya Amani, kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, mvua ya masika hujaza vijito na kuifanya njia ya mlimani iteleze, na malaria bado huwalaza watoto kitandani. Minyoo nayo hula siku za masomo: utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer, ulioanza mwaka 1998 katika shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo baada ya wanafunzi kupewa dawa za minyoo. Sehemu ya hesabu zake ilibishaniwa baadaye na watafiti wengine, lakini jambo la msingi linaeleweka kwa mzazi yeyote wa pwani, kwamba mtoto anayeumwa tumbo hatembei mwendo mrefu kwenda shule.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 haikuishia kwenye kuandikisha, bali inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria mfululizo hadi amalize elimu ya msingi. Mzazi wa Muheza anayetaka kujua mahali mwanawe aliposimama asisubiri matokeo ya mtihani. Aende shuleni siku yoyote isiyo ya gulio, aombe daftari la mahudhurio, ahesabu mwenyewe siku ambazo mwanawe hakuwepo, kisha amuulize mwalimu wa darasa swali ambalo daftari halilijibu: huyu mtoto hufika saa ngapi?