Somo Jipya Lisifute la Zamani: Kuwafundisha Wanaoanza Programu za Kompyuta

Mwanachuo aliyepewa kufundisha misingi ya programu za kompyuta huandaa azimio la kazi kwa majuma: juma la kwanza amri za kufuatana, la pili marudio, la tatu masharti. Kila mada hufungwa ndipo nyingine ifunguliwe. Mpango huu hupendeza machoni, lakini mimi nina shaka nao.

Mwaka 1989 Wamarekani Michael McCloskey na Neal Cohen walifundisha hesabu mtandao wa neva, yaani programu inayoiga jinsi chembe za ubongo zinavyounganika. Ujuzi wa mtandao huo hauwekwi mahali pamoja. Umo katika nguvu za viungo vyake vyote, na kila kosa likisahihishwa nguvu hizo hubadilika kidogo. Waliufundisha kwanza kujumlisha na moja, ukajua. Kisha wakaufundisha kujumlisha na mbili peke yake. Ulipokuwa ukijifunza hayo mapya uliyapoteza yale ya kwanza, tena upesi sana, kwa kuwa viungo vilivyobeba 4 + 1 ndivyo hivyo vilivyogeuzwa vibebe 4 + 2.

Mtoto hasahau kwa kiasi hicho. Mwaka 1995 James McClelland na wenzake walitoa maelezo yao: sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi hupokea mambo mapya haraka, halafu huyapitisha polepole kwenye sehemu nyingine, yakichanganyika na ya zamani. Yafaa basi mwalimu naye achanganye.

Tuchukue kahawa, ambayo mtoto wa Bukoba au Muleba ameiona ikianikwa. Kompyuta haihitajiki bado, ubao watosha. Siku ya kwanza: MWAGA, SAMBAZA, GEUZA. Siku ya marudio: RUDIA MPAKA IKAUKE: GEUZA. Siku ya masharti, usifungue ukurasa mpya. Ingiza sharti ndani ya marudio yale yale:

RUDIA MPAKA IKAUKE:
IKIWA MVUA INANYESHA, FUNIKA;
LA SIVYO, GEUZA.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja wilayani Muleba, nikitazama mazoezi ya kufundisha. Juma la tatu mtoto mmoja aliombwa aandike marudio, akasimama kimya mbele ya ubao. Mwanachuo akaninong'oneza kwamba huyo ni mzito. Kumbe tangu juma la pili hakuna aliyemwuliza tena habari za marudio! Kesho yake tuliandika programu ya kahawa kama ilivyo hapo juu. Mtoto yule yule akanyoosha mkono: "Mwalimu, mvua ikikatika, mbona hatufunui?" Alikuwa na haki. Programu ingegeuza kahawa iliyofunikwa. Tukaandika upya: LA SIVYO, FUNUA, GEUZA.

Katika kila mazoezi matano, mawili yatoke majuma yaliyopita. Mada moja au mbili zitachelewa. Mwalimu mkuu akiuliza, mwonyeshe madaftari ya watoto.