Mshauri Anayejua Ulikotoka

Kitengela, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, ilikuwa malisho. Leo barabara ya kwenda Namanga imezungukwa na maghorofa, na katika ploti moja utawakuta Mmaasai, Mkamba, Mkikuyu na Msomali wakichota maji kwenye tangi moja. Kila mmoja ana namna yake ya kuomboleza.

Hapo ndipo kazi ya mshauri nasaha inapokuwa ngumu. Kwa desturi ya Wamaasai, jina la marehemu halitajwi ovyo. Mshauri akifungua kikao kwa, "Niambie jina lake," mfiwa anaweza kunyamaza, na mshauri akaandika kwamba mteja hataki kusaidiwa. Ukame ulioishia 2023 nao uliacha majonzi yake: mfugaji aliyezika ng'ombe hakupoteza mali tu, alipoteza pia nafasi yake mbele ya wenzake. Msichana aliyekimbilia shule ya kanisa la AIC mjini Kajiado kuepuka kuozwa mapema ana jeraha, lakini huenda bado anawapenda wazazi wake. Anayemfundisha kuwachukia anamuumiza mara ya pili.

Kujua utamaduni pekee hakutoshi; cheti nacho kina uzito. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda bodi ya kuwasajili, kwa hiyo kuuliza namba ya usajili si ufidhuli. Uliza pia lugha, ada, na kama amewahi kuhudumia watu wa kwenu. Si lazima awe wa kabila lako. Wengine humwogopa hasa mshauri wa kabila lao, maana huenda anamjua shangazi yao.

Ukizidiwa, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, bila malipo.